Mita sitini, na aliyezipitisha

Wasomaji wangu wa Dar, leo nina swali dogo kwenu. Maji mliyoogea asubuhi yametoka wapi? Najua, wengi mtasema Dawasa. Wajanja kidogo watasema Ruvu. Haya, na Ruvu nayo inatoka wapi?

Inatoka huku kwetu. Ile milima mnayoiona dirishani basi likikaribia Msamvu, yenye mawingu kichwani hata wakati wa kiangazi, ndiyo Uluguru, na Ruvu inazaliwa humo. Vijito vinaanzia kwenye msitu wa juu, vinapita katikati ya mashamba ya watu, vinakutana huko bondeni, vinafika kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, halafu vinaingia kwenye ndoo yako. Upande wa pili Mto Ngerengere unajaza bwawa la Mindu, ambalo ndilo linaunywesha mji wa Morogoro. Oktoba na Novemba 2022, Ruvu ilipopungua mpaka mkaanza kupewa maji kwa mgawo, niliwasikia mkimlaumu mkulima wa mlimani. Eti amekata miti, eti analima kwenye vyanzo. Baadhi yenu mlitaka ahamishwe kabisa.

Lakini leo sitaki kuongea juu ya maji. Nataka kuongea juu ya mbunge. Ila huku mlimani ukianza na mbunge unajikuta kwenye maji, na ukianza na maji unajikuta kwa mbunge. Nisomeni taratibu tu.

Mama yangu ni Mluguru. Baba ni mtu wa bara aliyekuja Morogoro kwa kazi ya reli, lakini huku milimani hilo halina uzito. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama. Ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Kwa hiyo mimi niliyezaliwa na kukulia mjini, nisiyejua hata kushika jembe vizuri, nina kipande changu mlimani upande wa mashariki, na baba yangu mzazi hana hata mgomba mmoja. Huwa tunamtania sana kwa hilo.

Mwaka jana mjomba alinipigia simu. Hakusema mengi. "Mwanahabari, njoo. Kuna mita zimekuja."

Nikaenda. Kijiji sitakitaja, wala maofisa sitawataja, maana nia yangu si kumchoma mtu. Wataalamu walifika na mtendaji wa kata, mkutano ukaitwa darasani kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, na wananchi wakaambiwa kwamba kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye mto au kijito ni marufuku kisheria. Migomba, magimbi, maharage, vyote viondoke. Vigingi vingekuja baadaye. Mtaalamu alikuwa kijana mpole tu, wa umri wangu, na naamini alikuwa anasema alichotumwa.

Akanyoosha mkono bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye dawati la mbele, miguu haifiki chini.

"Baba, hiyo sheria nani kaipitisha?"

"Bunge, bibi."

"Na wa kwetu alikuwepo?"

Watu wakacheka darasa zima. Kijana naye akacheka kidogo, akasema wabunge wote huwa wanakuwepo. Bibi hakucheka. Akauliza tena: "Alivyorudi mbona hakutuambia?"

Hapo palikuwa kimya. Nimehudhuria mikutano mingi ya waandishi na waheshimiwa, Dodoma na mjini, nimesikia maswali marefu ya watu wenye digrii mbili. Sijasikia swali zuri kama lile.

Baada ya mkutano mjomba alinichukua mpaka kijitoni. Akasimama kwenye ukingo, akageuka, akaanza kuhesabu hatua kupanda juu. Mjomba ana miguu mirefu, kwa hiyo hatua yake tuipe mita moja. Sitini ilimfikisha nyuma ya jiko lake. Akaniangalia tu.

Hebu tupige hesabu ndogo. Ekari moja ni kama mita za mraba elfu nne na ushee. Ukiichora iwe mraba, kila upande unakuwa na mita 63 na kitu. Maana yake mwenye ekari moja iliyolala kando ya kijito, akiondoa mita sitini, anabakiwa na kipande chenye upana wa mita tatu. Kitanda na meza. Na Uluguru si Kilombero kwamba kuna bonde refu la kuhamia. Kila korongo lina kijito, na vijito vina pande mbili. Ukipima mita sitini kila upande, kuna vitongoji ambavyo havibaki na kitu zaidi ya njia na makaburi.

Sasa kazi yangu ni uandishi, kwa hiyo niliporudi mjini nikaitafuta hiyo sheria. Ipo. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Na nia yake nzuri, sitabisha. Anayetaka maji ya Ruvu yaendelee kutoka hawezi kuruhusu kila mtu alime mpaka ndani ya maji. Nimeona kijito kikigeuka rangi ya kahawia baada ya mvua moja tu, udongo wa juu wote unaondoka.

Lakini isomeni wenyewe. Kwa maneno yangu ya kawaida, inasema zisifanyike ndani ya mita sitini shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zile ambazo kwa namna yake zinaweza kuharibu mazingira ya mahali hapo. Za kudumu! Je, maharage ya miezi mitatu ni shughuli ya kudumu? Magimbi je, ambayo hayalimwi kwa kulitifua shamba lote? Mgomba ulioshika ukingo usibomoke unaharibu au unalinda? Mimi sijui, si mwanasheria. Lakini hayo ni maswali, na maswali yana mahali pake pa kuulizwa, na pale mahali kila jimbo lina mtu wake, tena analipwa mshahara na posho kwa kazi hiyo.

Tena kuna kichekesho kimoja. Bunge letu linajadili kwa Kiswahili. Mbunge anasimama, anatoa hoja kwa Kiswahili, anapigiwa makofi ya meza kwa Kiswahili. Sheria yenyewe iliandikwa Kiingereza. Mpaka Februari 2021 Bunge lilipopitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo sheria ya 2004 ilizaliwa kwa lugha ambayo yule bibi hawezi kuisoma, ikakaa miaka karibu ishirini, halafu ikamfikia kwa mdomo wa kijana mwenye buti za mvua. Katikati hapo wabunge wamebadilika mara kadhaa. Wamekuja kuomba kura, wakashinda, wakaapa, wakaondoka. Hakuna aliyeipandisha ile karatasi mlimani.

Ngoja niwatetee kidogo wabunge, msije mkasema mwandishi ana chuki.

Nina rafiki ambaye aliwahi kuwa katibu wa mbunge mmoja. Mkoa sitausema. Siku moja tukiwa tunakunywa chai alinionesha simu ya ofisi. Jamani! Ada ya shule. Jeneza. Nauli ya kumrudisha mgonjwa kutoka Muhimbili. Jezi za timu, na timu nyingine ya kijiji hicho hicho inataka jezi nzuri kuliko za kwanza. Mchango wa harusi ya mtoto wa mwenyekiti. Mtu mmoja alikuwa anaomba betri ya pikipiki. Rafiki yangu alisema kwa miaka mitatu aliyokaa pale, ujumbe wa kuuliza "mheshimiwa umesema nini kuhusu muswada fulani" aliupata mara moja, na aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa chuo anafanya utafiti.

Sisi tumemfanya mbunge kuwa mjomba mwenye hela. Na wao wamekubali, maana mjomba mwenye hela anarudi bungeni. Mnakumbuka ile hadithi ya takrima? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa asili. Ikabidi wanaharakati waende Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikasema ukarimu huo unakwenda kinyume na Katiba. Ilikufa kwenye vitabu. Kwenye simu ya rafiki yangu niliiona ikiwa hai na afya njema.

Halafu mwaka 2009 Bunge likapitisha Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Fedha zinagawanywa kwa majimbo, nyingine kwa usawa na nyingine kwa kuangalia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo, na mwenyekiti wa kamati ya mfuko ni mbunge mwenyewe. Mabati, saruji, madawati. Sisemi ni vibaya. Zahanati iliyokuwa inavuja sasa haivuji, atakayepinga ni nani? Ila angalieni jinsi kazi ilivyogeuka. Yule anayetakiwa kuisimamia serikali imetumiaje fedha, naye ana fungu lake la kutumia. Na akiulizwa amefanya nini, anahesabu mabati. Mabati yanaonekana, yanapigwa picha. Swali aliloliuliza au ambalo hakuliuliza halipigwi picha.

Sasa twende nyuma kidogo, maana huku mlimani mambo haya si mageni. Waluguru wana kumbukumbu ndefu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, serikali ya Mwingereza iliona kitu kile kile tunachokiona leo: udongo unaondoka, mito inachafuka, na maji yanahitajika huko chini. Ikaja na mpango wake wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wananchi walimbishwe matuta ya ngazi, kila mtu na kipimo chake, asiyechimba apelekwe mahakamani apigwe faini. Wataalamu walikuwa na michoro yao. Upande wa Mgeta watu walikuwa tayari na namna yao ya ngazi mashambani toka zamani. Upande wa mashariki udongo mzuri ni tabaka jembamba tu. Ukikata ngazi unaufukia ule mzuri na kuuleta juu ule mwekundu usioota kitu. Mkulima aliliona hilo msimu wa kwanza. Alimwambia nani?

Hapo ndipo penye utamu wa habari, au uchungu. Kulikuwa na Sultani wa Waluguru, Sabu bin Sabu. Kulikuwa na wandewa, wakuu wa huko vijijini. Kwa haki hao ndio waliokuwa njia ya maneno, kushuka na kupanda. Lakini serikali iliwageuza bomba la upande mmoja. Amri ilishuka vizuri sana. Malalamiko yalipopanda hayakufika, au yalifika yakaitwa ukaidi. Julai 1955, huko Matombo, umati ulikusanyika, Sultani na maofisa wakaenda kuongea nao, mawe yakarushwa, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo matuta ya lazima yaliachwa. Miaka ya kulazimisha na mtu mmoja kaburini, na mlima ukabaki kama ulivyokuwa.

Na angalia jambo hili. Naibu wa Sultani alikuwa Patrick Kunambi, ambaye mwaka mmoja tu kabla, Julai 1954, alikuwa mmoja wa wale waliokaa Dar es Salaam wakaanzisha TANU. Maana yake kwenye baraza lile lile palikuwa na mtu aliyejua kwamba maneno yanatakiwa kupanda pia. TANU ilikuta huku watu wanaosubiri kusikilizwa, haikuhitaji kuhubiri sana.

Mjomba wangu alikuwa hajazaliwa mwaka 1955. Lakini mtaalamu alipotamka neno "marufuku" mle darasani, nilimwona mjomba anamwangalia mzee aliyekaa pembeni yake, na yule mzee akatikisa kichwa polepole. Sikuhitaji tafsiri.

Halafu kuna Kibungo Juu, na hapa nawaomba mkae vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu kitu katika vijiji vya Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya Ruvu. Wazo lilikuwa rahisi kulieleza. Anayetumia maji huko chini amlipe anayeyalinda huku juu. Walioingia kama wanunuzi walikuwa Dawasco ya wakati huo na Coca-Cola. Mkulima akichagua kupanda miti, au kuweka majani kwenye mstari wa shamba, au kuchimba matuta, shamba linapimwa na analipwa kwa kiasi alichofanya. Pesa zenyewe hazikuwa nyingi. Lakini watu walichimba matuta ya ngazi. Mmesoma vizuri? Matuta ya ngazi, kwenye milima ile ile! Wajukuu wa watu waliorusha mawe walishika majembe kwa hiari yao.

Kilichobadilika ni nini? Pesa, ndiyo, sitajifanya sijaiona. Lakini kulikuwa na mtu aliyekaa chini na wanakijiji akawaeleza maji yanakwenda wapi, nani anayatumia, kwa nini udongo ubaki shambani, samadi iwekwe namna gani ili tuta lisiwe jangwa, na mtu akikataa hapelekwi popote. Wakauliza, wakajibiwa, wakauliza tena. Mradi ulifika mwisho wake kama miradi yote. Lakini nauliza, ile kazi ya kukaa na kueleza, kwa nini ifanywe na shirika la kigeni lenye bajeti ya miaka michache, wakati kuna mtu ambaye tumemwajiri miaka mitano mitano kwa ajili hiyo?

Tatizo lingine ni la ramani. Uluguru ni mlima mmoja lakini kwa kura zimegawanyika mara nne. Uso wa kaskazini, chini ya kilele cha Lupanga, ni wa Morogoro Mjini. Mgeta, Bunduki na Nyandira ziko Mvomero. Matombo, Kinole, Mkuyuni na kwingineko zimegawanywa kati ya Morogoro Kusini na Morogoro Kusini Mashariki. Kijito hakijui mpaka wa jimbo. Mheshimiwa wa juu anataka kura za wanaolima kandoni, mheshimiwa wa chini anataka kura za wanaokosa maji bombani, na sijawahi kuwaona wote wanne wamekaa meza moja mbele ya wananchi wakaulizwa kuhusu mita sitini. Bwawa la Kidunda linazungumzwa sana, wazo lake ni la miaka ya sitini na mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Novemba 2022, lita bilioni 190 zitakazohifadhiwa kwa ajili yenu. Sawa, hongereni. Maji ya kulijaza yatapita kwenye magimbi ya yule bibi.

Mwaka 2020 majimbo kadhaa ya mkoa huu yalipata wabunge waliopita bila kupingwa. Watu wengi waliliangalia kama habari ya vyama. Mimi niliwaza jambo dogo zaidi. Bila mpinzani, hakuna kampeni ya ubunge inayoumiza kichwa. Hakuna anayelazimika kupanda mlima kwa miguu kwa sababu mwenzake amepanda jana. Kampeni ndiyo wakati pekee ambao kijiji kama cha mjomba kinakuwa na uwezo wa kumhoji mtu mzima mwenye suti. Waliponyimwa huo, walinyimwa na maswali.

Na hata redio tulinyimwa kwa muda. Januari 2016 serikali ilipotangaza kwamba TBC haitaendelea kurusha Bunge moja kwa moja, wenzangu wengi wa mjini walilia kwa sababu ya burudani, zile vijembe na mipasho. Kijijini ilikuwa tofauti. Mjomba alikuwa na redio yake ndogo ya betri, anaisikiliza akipalilia, na alikuwa anawajua wabunge kwa sauti. Siku hizi vikao vinaonekana hata kwenye simu, na Taarifa Rasmi, yaani kila neno lililosemwa, zinawekwa kwenye tovuti ya Bunge. Ni jambo zuri kweli. Ila simu ya mjomba ni ya kitochi, na mtandao unapatikana ukipanda kwenye jiwe fulani.

Kwa hiyo nilichapisha. Nilikwenda kwenye duka la fotokopi mjini, nikachapisha kurasa chache za maswali na majibu ya bungeni yanayohusu vyanzo vya maji, nikachapisha na kifungu cha 57 pamoja na tafsiri yangu ya kienyeji, nikapanda nazo. Tulizisoma jikoni kwa mjomba, watu kama kumi na wawili. Nawaambieni, ilikuwa kama kusikiliza mpira. Swali likiulizwa wanasogea mbele. "Je, ni lini Serikali..." Halafu jibu linakuja: upembuzi yakinifu unaendelea, kadiri fedha zitakavyopatikana, naomba wananchi wawe na subira. Mzee mmoja akaniuliza upembuzi yakinifu ni mdudu gani. Nikaeleza. Akasema, "Kumbe wanapima. Wangesema wanapima."

Wakashangaa zaidi kujua kwamba mbunge anapewa nafasi ya kuuliza swali la msingi na mengine mawili ya nyongeza papo hapo, na kwamba mbunge huyo huyo ni mjumbe kwenye baraza la madiwani la halmashauri yake. Walidhani anakwenda Dodoma basi. Kwamba anaweza kusimama Mvuha, halmashauri ilipohamia, akamwambia mkurugenzi "nionesheni ramani ya vigingi kabla havijachimbiwa", hawakuwa wanalijua.

Mmoja akakumbusha habari ya Profesa Jay. Mnaikumbuka Ndio Mzee ya mwaka 2001, ile ya mgombea anayeahidi kila kitu na watu wanaitikia tu? Miaka kumi na minne baadaye mwenye wimbo akasimama mwenyewe Mikumi, jirani zetu hapo, akashinda, akakaa bungeni mpaka 2020. Yule ndugu alisema kwa utani kwamba sasa mlimani wanataka wimbo mwingine, wa watu ambao hawaitikii. Walicheka, lakini mjomba akaniambia nitoe karatasi.

Ndiyo tukaandika barua kwa mheshimiwa. Mimi nilikuwa karani tu. Kila nilipotaka kuipamba walinikatalia. Nilipoandika "tunaomba kwa heshima na taadhima msaada wako", yule bibi wa darasani, ambaye alikuja na kukaa mlangoni, akasema futa msaada. Nikafuta.

Barua ina mambo manne. La kwanza, amuulize waziri kama magimbi na maharage ni shughuli ya kudumu, na jibu liletwe kwa maandishi, kwa Kiswahili. La pili, kama mita ni lazima, zipimwe kwa mwinuko wa mlima au kwa kamba iliyolala, maana kwenye mteremko hizo ni hesabu mbili tofauti. (Hilo ni la mjomba, alifikiria peke yake, na sijapata mtaalamu aliyenijibu bado.) La tatu, nani atalipa migomba. La nne, aje kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, aje mwenyewe na si katibu, na asije na mabati.

Niliipeleka ofisini kwake mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nina nakala. Hiyo ilikuwa kabla ya masika. Bibi ananipigia kila Jumapili jioni kwa simu ya mjukuu wake, hanisalimii sana. Anauliza tu: "Kasemaje?"